Nilivyoipiga Mswaki Dhahabu ya Mfalme

Niseme mwenyewe mapema, kabla hamjaisikia kwa Godfrey mlinzi, ambaye huisimulia kwa vitendo na kila siku huongeza kidogo. Niliichukua sarafu ya dhahabu iliyowahi kuguswa na mfalme wa Kachi huko Bara Hindi, nikaitia dawa ya meno ya mnanaa, nikaisugua kwa mswaki mpaka ikang'aa kama jino la bandia. Sikulazimishwa na mtu. Sikuwa na homa. Nilikuwa napiga mluzi.

Sasa nimestaafu. Nina miaka kumi na sita, na nimeitumikia biashara ya sarafu za kale kwa wiki sita kamili, likizo yote ya joto. Jumatatu narudi shule, ambako hakuna atakayenipigia makofi. Lakini mstaafu yeyote mwenye adabu huwaachia wadogo zake neno, nami namwandikia binamu yangu Twahir, ambaye mwakani atatafutiwa kazi ya likizo atake asitake, na wengine wote wenye mama kama wangu. Mshahara sitautaja. Kuhusu kupanda cheo, nilipanda kila siku: ghorofa mbili, kwa ngazi, maana lifti ya jengo lile ilikufa zamani na hakuna aliyejitokeza kuizika.

Kazi niliipata kwa sababu ya kulala. Mama anafanya kazi katika ofisi moja ya mizigo hapa Deira, huku kwa Waarabu, wanapokea mabunda ya kwenda Mombasa na Unguja. Siku ya tatu ya likizo alirudi saa nane mchana akanikuta kitandani, na simu usoni. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Vaa shati lenye kola." Nikajua maisha yangu yamekwisha.

Alinipeleka jengo la ng'ambo ya barabara, lile ambalo chini wanauza vitambaa kwa robota. Mlangoni alikuwa amesimama mlinzi mrefu katika sare ya buluu yenye vifungo vya dhahabu. Huyo ndiye Godfrey, Mganda kutoka Jinja.

"Mama, huyu mutoto ameiba nini?" akauliza.

"Bado," Mama akajibu.

Juu, kwenye chumba kidogo kama kabati, alikuwako Mzee Hirji. Mzee Hirji ni Mhindi aliyezaliwa Unguja. Babu zake walitoka Kachi, na yeye amekaa Deira miaka mingi akinunua na kuuza sarafu za falme ndogondogo za Kihindi, zile zilizokuwa kila moja na mfalme wake, kilemba chake na mtambo wake wa kupigia fedha. Mama anamjua kwa sababu kila mwezi mzee humpelekea dada yake Unguja kifurushi cha dawa na biskuti, na Mama ndiye anayekifunga vizuri biskuti zisivunjike.

Mzee Hirji alinitazama juu ya miwani. "Bi Rukia, huyu ndiye?"

"Ndiye. Swaleh. Mkono wake naudhamini, mzee. Hajapata kuchukua cha mtu. Ulimi wake siudhamini, ukikuudhi mrudishe."

"Mkono wanitosha," akasema mzee. "Yalla, bwana mdogo, kaa. Usiguse kitu."

Hiyo ikawa kazi yangu kwa siku mbili za mwanzo: kukaa na kutogusa kitu. Niliifanya kwa ustadi mkubwa. Nasema hivi kwa sababu ni sehemu pekee ya utumishi wangu ambayo haina doa.

Siku ya tatu akanipa lenzi. Ni kioo kidogo cha jicho moja, kinakunjwa na kuingia ndani ya ala yake ya chuma. Watu hukosea, hukiweka mbali wakakunja uso kama wapelelezi. Nami nilikunja uso. Mzee akanipiga kidole cha utosini. "Lenzi jichoni, sarafu ije kwenye lenzi. Wewe usiende kwake, yeye ndiye aje kwako." Halafu mizani ndogo, inayohisi hata pumzi yako, ukicheka karibu nayo hesabu inabadilika, na mimi hucheka. Halafu somo la kushika: sarafu hushikwa ukingoni kwa vidole viwili, juu ya kitambaa laini, kamwe usoni. Jasho la kidole hubaki juu ya dhahabu muda mrefu kuliko unavyodhani. "Na kidole chako wewe," akasema mzee, akikitazama, "kina chipsi."

Alinifundisha pia kutofautisha. Sarafu ya kawaida ya siku hizo ilipigwa haraka haraka kwa nyundo, kibonge cha dhahabu kidogo chini ya muhuri mkubwa, basi nusu ya maandishi hukatika. Lakini zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya baraza la mfalme tu. Hizo ni pana, nyembamba, na maandishi yote yameingia, jina la mfalme zima zima, hakuna herufi iliyoachwa nje. Zaitwa nazarana. Hazikununua unga wala kitambaa. Mtu akienda kumwona mfalme, hutandika leso juu ya viganja vyake viwili, huweka sarafu juu ya leso, huinama na kunyoosha mikono. Mfalme akitaka, huichukua. Lakini mara nyingi huigusa tu kwa kidole na kuiacha, maana yake: nimekuona, nimekupokea, nenda nayo nyumbani.

"Kwa nini mikono miwili?" nikauliza.

"Mwenye mikono miwili mbele hana wa kuficha nyuma," akasema Mzee Hirji.

Niliona ni maneno mazuri. Nikayaandika kwenye simu, niwatumie marafiki. Hakuna aliyejibu.

Kufikia wiki ya tatu nilijihesabu bingwa. Nilikuwa natembea na lenzi mfukoni, nakagua sarafu za chenji kwenye duka la chai, mwenye duka akidhani mimi ni mtu wa serikali. Mzee akaona homa imepanda, akaitibu. Asubuhi moja alinipa sinia la vitu kumi na viwili, akaniambia niseme kila kimoja ni nini. Kumi na moja nilivibahatisha. Cha kumi na mbili kilinishinda: cha manjano, kizito kidogo, kina taji katikati na majani pembeni. Nilikaa nacho nusu saa. Nikapima kipenyo. Nikapima uzito mara mbili, bila kucheka. Mwishowe nikasimama, nikatangaza kwa sauti ya mtu mwenye miwani, ingawa sina: "Nadhani ni ya ufalme wa Haidarabadi, mzee. Adimu sana. Huenda ni moja tu duniani."

Mlango ukafunguka. Godfrey akaingia, ameshika koti lake mahali palipopungua kifungo.

"Sir," akamwambia mzee, "naomba hiyo Haidarabadi yangu. Supervisor anakuja."

Hajaacha kuniita Haidarabadi mpaka leo. Twahir, ukienda pale utalisikia. Ujue lina historia.

Sasa nije kwenye kesi yenyewe.

Wiki ya sita, Mzee Hirji alibadilika. Alikuwa anaimba. Mjukuu wake Meena, anayefanya kazi ofisini huko Silicon Oasis, alikuwa anaolewa Ijumaa. Jumatano asubuhi mzee alifungua sanduku la chuma lililo chini ya meza, lile nisiloruhusiwa hata kulikanyaga, akatoa sarafu moja iliyofungwa kwenye kipande cha pamba kilichochakaa.

"Hii haiuzwi," akasema.

Ilikuwa nazarana ya Kachi. Babu wa babu yake aliipeleka kwa mfalme juu ya leso, mfalme akaigusa, akaiacha. Tangu siku hiyo, kila bibi harusi wa ukoo huo huiweka juu ya leso viganjani na kuwapelekea wazee wa upande wa mume, nao huigusa kwa kidole na kumrudishia. Wamepokelewa hivyo bibi yake, mama yake, mkewe, binti yake. Ijumaa ilikuwa zamu ya Meena.

Niitazame vipi? Kwa macho yangu ilikuwa chafu. Ndivyo nilivyoona, sina la kujitetea. Mashimo yote kati ya herufi yalijaa utando mwekundu-manjano, kama kutu na masala. Uso wake umefifia. Ukiiweka kando ya bangili za dirishani kwenye soko la dhahabu, ungeionea huruma.

Mzee akanipa kijaluba cha fedha na leso mpya ya hariri. "Itie humu, uifunge vizuri. Mimi naenda eneo la mizigo la uwanja wa ndege kuchukua nguo za harusi zilizotoka Rajkot, Bara Hindi. Nitarudi alasiri. Bwana mdogo, nakuachia wewe." Akanikabidhi na ufunguo. Sijapata kukabidhiwa ufunguo wa kitu chochote maishani, hata wa nyumba yetu.

Sasa nyinyi mliokulia nyumba za watu wa pwani mtanielewa, hata kama hamtanisamehe. Kwetu harusi ikikaribia kila kitu husuguliwa. Sinia la shaba husuguliwa kwa ndimu na majivu, birika husuguliwa, mabuli husuguliwa, na dhahabu ya bibi harusi huoshwa kwa dawa ya meno, kwani ikionekana imepauka watasema ni ya kukodi. Nimeona shangazi zangu wakigombana juu ya mkufu uliokosa kung'aa. Hakuna aliyeniambia kwamba yako makabila ya dhahabu yasiyooga. Mzee alinifundisha usiguse uso, usipumulie, usicheke. Usipige mswaki hakusema. Nadhani hakuna mtu mzima anayefikiri kuna haja ya kusema.

Nikajiambia: mzee amenifundisha bure wiki sita, nami simpi zawadi? Nyumbani kwetu ni hatua mia mbili. Nikafunga mlango kwa ufunguo wangu, nikashuka mbio, nikaingia bafuni. Mswaki wangu nywele zake zimelala pande zote kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe. Haufai kwa kazi ya kifalme. Kwenye kikombe ulikuwamo mwingine, wa waridi, laini. Nikauchukua na dawa ya meno, nikarudi.

Kazi ilichukua dakika kumi. Povu lilitoka jeupe, likageuka la manjano, na kila lilivyozidi umanjano ndivyo nilivyozidi kujisifu. Nilisuuza kwenye bilauri ya chai. Yale maji sikuyatupa ovyo, mimi nimelelewa. Nikayamwagia mrehani wa mzee ulio kwenye chungu dirishani, maana ulionekana una kiu. Nikaikausha kwa ncha ya shati. Kisha nikarudi mbio nyumbani, nikausuuza mswaki vizuri, nikaurudisha kikombeni pale pale ulipokuwa. Kila kitu mahali pake. Ndivyo afanyavyo mtaalamu.

Nilipopanda ngazi mara ya pili nilimwita Godfrey aje aone. Akaja, akainama juu ya kijaluba, akatoa pumzi ndefu.

"Haidarabadi," akasema, "hii ndiyo ile ya jana?"

"Ya jana uliiona wapi?"

"Sir alinionyesha jioni, wewe umeshaenda. Ilikuwa na rangi." Akanisogezea kijaluba. "Chukua ile kioo yako, angalia."

Nikaweka lenzi jichoni, sarafu ikaja kwenye lenzi, kama nilivyofundishwa. Laiti nisingefundishwa. Uso mzima wa dhahabu ulikuwa na mikwaruzo myembamba, mamia, imezungukazunguka kama barafu ya kwenye maduka makubwa baada ya watoto kuiteleza kwa viatu vya chuma. Jina la mfalme lilikuwa limepigwa deki.

"Sikiliza," Godfrey akaninong'oneza, ingawa hatukuwa na mtu. "Funga kijaluba. Kwa harusi watu wanaangalia bibi harusi na chakula. Nani anaangalia coin? Wewe Jumatatu uko shule. Khalas."

Siwezi kusema sikulifikiria. Nililifikiria vizuri, kwa muda wa chai moja. Hata nilikifunga kijaluba. Kisha nikakifungua, kwa kuwa nilikumbuka mzee ataifunua mbele ya wakwe, na kwamba atajua pale pale, amesimama mbele ya watu na tabasamu lake, na hatakuwa na pa kuliweka. Nikakaa kumsubiri.

Alirudi alasiri amekumbatia boksi, anahema kwa ngazi. "Alaa! Mbona umesimama kama mshumaa?"

Sikupata maneno. Mimi, ambaye mwalimu wa jiografia aliwahi kuniandikia barua ya onyo kwa sababu ya kusema. Nikatandika ile leso ya hariri juu ya viganja vyangu viwili, nikaweka sarafu juu yake, nikainama, nikanyoosha mikono.

Mzee Hirji akacheka. Alidhani ni mzaha wangu wa kuagana. Halafu akaiona. Kicheko kikabaki usoni peke yake kama mtu aliyesahauliwa kwenye kituo cha metro.

"Umefanya nini?"

"Nimeisafisha, mzee. Kwa mswaki. Na dawa ya meno. Nilidhani uchafu."

Akaketi. Akachukua lenzi yangu, si yake. Akatazama muda mrefu, upande huu, kisha upande ule. Aliposema, alisema taratibu, na ningependelea makofi.

"Haukuwa uchafu. Kila harusi wanawake huipaka kwa kidole manjano na poda nyekundu, ndipo huipeleka. Ile ilikuwa manjano ya bibi yangu. Ya mama yangu. Ya mke wangu, mwaka ule hatujahama Unguja." Akaitua juu ya leso. "Na hii mikwaruzo haitoki, bwana mdogo. Hii itabaki mimi na wewe tumekwisha kufa."

Mikono yangu ilikuwa bado mbele. Sikujua kama naruhusiwa kuiteremsha.

"Maji yake uliyamwaga wapi?"

"Kwenye mrehani wako, mzee."

Akageuka kuutazama ule mti. Kwao mrehani ule ni mti mtukufu, asubuhi huuombea. Hilo nilikuwa silijui, nilidhani huuzungumzisha kwa upweke. Alinyanyuka, akaenda dirishani, akagusa udongo uliolowa. Akakaa hapo.

"Basi," akasema hatimaye, "angalau wanawake wangu hawakwenda kwenye mtaro." Akanusa kidole. "Wanukia mnanaa."

Sikucheka. Liandikwe hilo kwenye faili langu.

Akarudi, akasimama mbele yangu. "Mama yako alinidhaminia mkono wako, akaukana ulimi. Kumbe kinyume. Mkono ndio umeniharibia, ulimi ndio umesema kweli mara nilipouliza." Kisha akanyoosha kidole kimoja, akaigusa sarafu pale juu ya leso, mara moja, akaiacha viganjani mwangu.

Nilielewa.

"Sasa nipe ufunguo," akasema. "Shule yafunguliwa lini?"

"Jumatatu, mzee."

"Staafu leo."

Kabla sijatoka alichukua kalamu yake ya wino. Kila sarafu mle ndani ina kikadi chake: imetoka wapi, imepitia nini, hata kama ni aibu. Akaandika kadi ya ile ya Kachi, akanisomea ili nisije kusema sikusikia: "Imesafishwa Deira, kwa dawa ya meno, na Swaleh wa Bi Rukia. Nia njema." Neno la mwisho alilifikiria kidogo kabla ya kuliandika.

Ijumaa sikualikwa, na ni haki. Lakini usiku wa kuamkia jana mzee alimpigia Mama simu, nami nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni nasikiliza, nikijua kwamba sasa atayasikia yote, maana mimi nilikuwa nimemwambia tu kuwa "tumemaliza kazi mapema." Kwa muda Mama alisema "Nini?" Kisha "Subhanallah." Kisha akaomba radhi kwa namna zote ambazo Kiswahili kinaruhusu, na mbili za Kiarabu. Nilisikia sauti ya mzee ikimtuliza. Nilisikia kwamba Meena aliipaka sarafu manjano mapya, kwamba nyanya wa bwana harusi, mwanamke mkali asiyesamehe kitu, aliigusa sarafu, akakinusa kidole chake, akauliza kwa nini dhahabu ya ukoo huu inanukia peremende. Na Meena akacheka mpaka wanja ukamwagika, na yule bibi naye akacheka, na ikawa wamepokeana.

Mama akakata simu. Akaja jikoni. Akasimama mbele yangu, mikono kiunoni, nami nikakusanya nyuso zangu zote za majuto ili nichague moja. Nilitarajia atataja dhamana aliyoniwekea. Nilitarajia atamtaja marehemu baba. Nilitarajia Mombasa, kurudishwa kwa bibi, chuo cha Kurani, mbuzi.

Kisha macho yake yakahama kutoka kwangu, yakaenda polepole kwenye mlango wa bafuni, yakarudi.

"Swaleh," akasema. "Mswaki upi?"